Oktani siyo supu ya pweza!

Sisi hapa mji kasoro bahari tunasukuma siku. Uluguru imevaa kofia yake ya mawingu, pale Msamvu mabasi yanapigiana honi kama kawaida, na sisi wazee wa vijiweni tunaendelea na ile kazi isiyo na mshahara: kubishana.

Ubishi wa wiki hii ulikuwa wa wese. Si bei yake, maana hiyo kila mtu anajua inavyouma. Ubishi ulikuwa wa oktani. Kuna dogo mmoja wa Kihonda kavuta IST yake, mtumba wa Japani, hela ya mkopo, mdhamini mama yake mzazi. Anachukua abiria wa kukodi, na wiki haipiti bila safari ya Mgeta. Sasa likianza kupanda mlima, gari linalia. Unasikia "tikitiki-tikitiki" kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo la maziwa.

Kijiwe kikaitisha kikao cha madaktari. Wa kwanza akasema: "Dogo, tafuta petroli ya oktani kubwa, lipe gari nguvu." Wa pili akasema anunue kile kichupa cha dawa ya oktani amwage kwenye tenki. Wa tatu akaapa kwa jina la bibi yake kwamba kuna sheli moja barabara ya Iringa wese lake "lina moto" kuliko sheli zote za Moro.

Mimi nikakaa kimya, jambo ambalo ni nadra. Halafu nikaanza kuulizia kwa wanaojua: mafundi, madereva wa Noah, na vitabu vya magari. Niliyoyapata ndiyo haya, na nayaandika kwa sababu naona vijana wengi tunaliwa hela hapa. Tunadhani oktani ni kama supu ya pweza: unabugia bakuli moja jioni, usiku unakuwa simba. Hata sisi tusio na bahari habari za pweza tunazo! Lakini oktani siyo supu ya pweza. Oktani haina nguvu yoyote ndani yake.

OKTANI NI UVUMILIVU

Ndani ya silinda pistoni inapanda na kuibana petroli iliyochanganyika na hewa. Ikibanwa, inapata joto. Ikifika karibu na juu, plagi inatoa cheche, moto unaanza pale kwenye plagi na kutambaa taratibu mpaka pembeni, na ule msukumo ndio unaoshusha pistoni na kuzungusha matairi. Mambo yote yanakwenda kwa foleni, kama watu wastaarabu kwenye dirisha la tiketi.

Tatizo linakuja pale petroli inaposhindwa kuvumilia kubanwa na joto. Moto wa plagi haujafika pembeni, lakini ile petroli ya pembeni inajiwasha yenyewe. Foleni imevunjika. Mgandamizo unapanda ghafla na mawimbi yake yanagonga kuta za silinda, na wewe kule kwenye usukani unasikia kokoto kwenye kopo. Ikiendelea siku nyingi, pistoni inatoboka, gasketi ya hedi inaungua, na gari la mkopo linakuwa banda la kuku.

Namba ya oktani inasema kitu kimoja tu: petroli hii inaweza kuvumilia kubanwa kiasi gani kabla ya kujiwasha yenyewe. Basi. Oktani kubwa maana yake ni petroli yenye subira. Haina maana kwamba lita moja ina nguvu nyingi zaidi.

Kuna mtu hapo atasema: mbona magari ya mashindano yanatumia oktani kubwa? Jibu ni kwamba injini zile zimetengenezwa kubana sana, kwa hiyo zinahitaji petroli yenye subira. Nguvu inatoka kwenye ule mbano, petroli inaruhusu tu. Mfano mzuri ni ndege za Spitfire za Waingereza kwenye vita ya 1940. Walipopata petroli ya oktani 100 hawakuishia kujaza tenki. Waliziongezea injini mgandamizo wa hewa, ndipo ndege zikachanganya. Wangeacha injini kama zilivyokuwa, ile petroli ya 100 ingekuwa mbwembwe tu. Na IST yako, ukiijaza petroli ya ndege za vita, itabaki kuwa IST.

NAMBA ZA MAREKANI ZINATUCHANGANYA

Kipimo chenyewe kilianzishwa Marekani mwaka 1926 na mkemia aitwaye Graham Edgar. Alichukua vimiminika viwili: kimoja kigumu kujiwasha kinachoitwa aiso-oktani, akakipa 100, na kingine chepesi kujiwasha kinachoitwa heptani, akakipa sifuri. Petroli ikiambiwa ni 95, maana yake inavumilia sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za aiso-oktani na sehemu 5 za heptani. Haina maana kwamba ndani yake kuna aiso-oktani 95. Ni kama kumwambia mtu "wewe mrefu kama mlango". Mlango hujambeba tumboni.

Sasa hapa ndipo vijana wa simu wanapopotea. Unaangalia video ya Mmarekani, anasema gari lake linatumia 87. Halafu unasoma mahali pengine gari hilo hilo linataka 91. Unachanganyikiwa. Siri ni kwamba Wamarekani wanaandika wastani wa vipimo viwili, kimoja kikali na kimoja laini. Sisi, Wajapani na Wazungu wa Ulaya tunatumia kile kipimo laini peke yake, kinachoitwa RON. Kwa hiyo 87 ya Marekani ni karibu sawa na 91 au 92 ya kwetu. Usije ukagombana na mtu wa sheli kwa sababu ya namba ya Chicago.

GARI LAKO LIMEOMBA NINI?

Badala ya kuuliza ipi petroli bora, uliza gari lako limeomba nini. Mara nyingi jibu liko kwenye gari lenyewe. Fungua kile kifuniko kidogo cha kujazia mafuta, angalia kibandiko cha upande wa ndani. Kama hakipo, kitabu cha gari kinasema. Ukikuta maandishi ya Kijapani usikimbie, piga picha, simu za siku hizi zinatafsiri.

Kwa magari ya Japani kuna madaraja mawili. La kwanza ni regula, ambayo kwa kiwango chao ni RON 89 kwenda juu. La pili ni primiamu, wenyewe wanaita "haioku", ambayo ni RON 96 kwenda juu. Magari mengi ya mjini kwetu yaliundwa kwa regula ya Japani. Vitz, IST, Raum, Spacio, Noah za kawaida, hizo zote ni magari ya watu wenye bajeti hata kule kwao. Yameumbwa kunywa petroli ya chini na kwenda kazini. Kwa magari haya, petroli ya Tanzania iliyo halali na safi inatosha na chenji inabaki, maana kiwango chetu kiko juu ya hiyo 89. Ukiongeza oktani juu ya pale lilipoomba, gari halidhuriki. Kinachodhurika ni mfuko.

Wa kusikiliza kwa makini ni mabishoo wenye magari ya mbio. Altezza ile ya RS200 inabana sana, kwao inatumia primiamu. Subaru zenye tabo, kama Forester na Impreza WRX, ni hivyo hivyo. Magari mengi ya Ulaya yana namba zao wenyewe kwenye kifuniko, soma 95 au 98. Mtu mwenye chombo cha namna hiyo asijidanganye kwamba "gari ni gari". Injini ya kisasa ina sensa inayosikia ule mgongano na kuiambia kontrol boksi ichelewesha cheche. Gari linajiokoa, lakini unalipa: nguvu inapungua na wese linakwenda zaidi. Injini ya tabo iliyozeeka, sensa imekufa, na dereva mguu wote chini, hiyo haina wa kuiokoa. Kama unaona pesa ya matunzo haipo, usinunue gari la primiamu kwa sababu ya mlio wa ekzosi. Warembo wa Kilakala watausikia mlio wiki mbili, na wewe gereji utakaa miezi sita.

Na ndugu zangu wa bodaboda, ninyi ndio naona mnaonewa zaidi. Injini ya bodaboda ina kompresheni ya kawaida kabisa, imetengenezwa kwa petroli ya kawaida kabisa. Una hesabu ya tajiri jioni, una mkataba wa pikipiki unaokukimbiza, halafu unatoa hela ya chips mayai kumwagia tenki kichupa cha "oktani"? Kula chips zako, mwanangu.

SHELI ZETU HAZINA MENYU

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kijiwe hawakulifikiria. Eti "tafuta petroli ya oktani kubwa". Utaitafuta wapi? Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatoa bei kikomo. Ziangalie: petroli, dizeli, mafuta ya taa. Petroli ni mstari mmoja tu. Kuna bei ya Morogoro mjini, kuna ya Mikumi, kuna ya Ifakara, zinatofautiana kwa sababu ya umbali kutoka bandarini, siyo kwa sababu ya oktani. Huko Ulaya na Marekani mtu anafika kwenye pampu anakuta vifungo vitatu anachagua kama soda. Huku kwetu menyu ina chakula kimoja.

Wazee wetu wanakumbuka enzi ambapo palikuwa na petroli ya supa na petroli ya regula. Hizo ni enzi za kiwanda cha TIPER pale Kigamboni, kilichokuwa kikisafisha mafuta ghafi mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi mafuta yanakuja meli nzima yakiwa tayari yamesafishwa.

Enzi hizo pia oktani ilikuwa inapandishwa kwa madini ya risasi. Mmarekani mwingine, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors, ndiye aliyegundua mwaka 1921 kwamba ukitia risasi kidogo kwenye petroli, injini inaacha kugonga. Ilikuwa rahisi na ya bei chee, dunia nzima ikaiga. Kumbe ile risasi ikitoka kwenye ekzosi inaingia kwenye damu, na inaharibu ubongo wa watoto. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kule Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ikawa imeondoka. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Kwa hiyo mzee akikwambia "petroli ya zamani ndiyo ilikuwa petroli", mwambie shikamoo, halafu ushukuru Mungu.

Zipo pia kampuni zinazouza petroli yenye dawa ya kusafisha injini, zinaitangaza kwa majina matamu. Dawa ya kusafisha ni kitu kizuri, haina ubaya. Ila kusafisha ni kusafisha na oktani ni oktani. Usinunue moja ukidhani umenunua nyingine.

ADUI NI MCHAKACHUAJI

Kama petroli ya halali inakutosha, basi hatari yako iko wapi? Hatari ni petroli isiyo halali. Hapa ndipo oktani inapokuwa jambo la kufa na kupona.

Neno "kuchakachua" leo tunalitumia kwa kila kitu: kura zimechakachuliwa, matokeo yamechakachuliwa, hata mapenzi. Lakini mtaani lilivuma kwa sababu ya mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kwa sababu ndiyo taa na jiko la mnyonge. Wajanja wakaona upenyo, wakawa wanayachanganya kwenye petroli na dizeli na kuuza kwa bei kubwa. Ndipo EWURA mwaka 2010 wakaanzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, ili mkaguzi akipima ajue kama yamechezewa. Na bajeti ya 2011/12 ikapandisha sana kodi ya mafuta ya taa ili ule ujanja usilipe tena.

Kwa nini nayasema haya kwenye habari ya oktani? Kwa sababu mafuta ya taa hayana subira hata chembe. Ukiyachanganya kwenye petroli, oktani inashuka kama lifti iliyokatika kamba. Dizeli nayo ni hivyo hivyo. Gari lako lililoomba 89 linaweza kujikuta linanywa kitu cha chini ya hapo, na wewe unadhani ni gari bovu. Hapo ndipo unaposikia kokoto kwenye kopo hata barabara ya tambarare ya Mazimbu.

Kwa hiyo kuchagua oktani kwa hapa kwetu ni kuchagua muuzaji. Jaza kwenye sheli zenye wateja wengi, mafuta hayalali. Ukikuta lori linashusha mafuta, subiri au nenda kwingine, maana uchafu wa chini ya tangi unakuwa umetibuliwa. Dai risiti kila mara, kwa sababu mafuta yakikuletea matatizo, risiti ndiyo mdomo wako mbele ya EWURA. Bila risiti wewe ni mpiga stori tu. Na ukiona gari lilikuwa zima, ukajaza mahali papya, na siku hiyo hiyo likaanza kugonga na kutoa moshi, usijaze tena pale. Acha kukanyaga kwa nguvu, na tenki likipungua ongeza petroli ya mahali unapopaamini.

Halafu kuna ile petroli ya chupa. Ukishapita Mkuyuni kwenda Matombo, au ukipanda kwenda Mgeta, utaikuta imepangwa mezani kwenye chupa za maji, inang'aa kama juisi. Nawaelewa wanaouza, sheli ziko mbali na watu wanataka kusafiri. Lakini chupa haina kipimo, haina risiti, na hujui ilichanganywa na nini. Imekaa juani, yale mafuta mepesi yameruka. Dawa ni kujaza tenki mjini kabla hujaondoka.

Na kwa sisi watu wa Morogoro kuna sababu nyingine ya kuheshimu petroli iliyo nje ya tenki. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Tulizika watu zaidi ya mia moja. Mtaa hadi mtaa palikuwa na msiba. Kwa hiyo usione aibu kukataa dumu la petroli chumbani kwako, au "wese la bei poa" linalouzwa usiku kwa kunong'ona. Siyo ushamba huo.

MLIMA UNA SIRI YAKE

Tumrudie dogo wa Kihonda na safari zake za Mgeta. Kijiwe wanasema mlima unahitaji oktani kubwa. Hapa ndipo nilipopata jibu la kushangaza: kwa upande wa hewa, mlima unahitaji oktani ndogo!

Morogoro mjini tuko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Ukipitia Sangasanga na Mlali ukapanda mpaka Mgeta, unavuka mita 1,000. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Silinda inavuta hewa pungufu, mbano unapungua, na petroli inapata nafuu. Ndiyo maana kule Denver, Marekani, mji ulio kama mita 1,600 juu, sheli zao zinauza petroli ya kawaida ya 85 badala ya 87. Injini ya kisasa yenye kompyuta inajirekebisha, kwa hiyo bado utafuata kitabu chako. Lakini ile hoja kwamba ukipanda Uluguru lazima uongeze oktani, hiyo haipo.

Sasa mbona gari linalia mlimani? Ni mzigo na gia, wapenzi. Watu watano ndani, viroba vya kabichi na karoti nyuma, kiyoyozi kinapuliza, na dereva yuko gia ya nne mwendo wa konokono eti anabana mafuta. Injini inazunguka polepole huku inasukumwa kwa nguvu. Petroli inakaa muda mrefu kwenye joto na mbano mpaka subira inaisha. Hata petroli ya 98 ungeisikia inanung'unika.

Dawa yake ni ya bure. Shusha gia mapema, kabla gari halijachoka. Kwa gari la otomatiki zima O/D, au weka 2 kwenye kona kali. Acha injini izunguke kwa furaha. Zima kiyoyozi, fungua dirisha, upepo wa Uluguru ni mzuri kuliko wa mashine. Ukifika juu, pumzisha gari kidogo. Na wakati wa kushuka baki kwenye gia hiyo hiyo ndogo, usikanyage breki mfululizo. Breki ikichemka Mgeta hakuna oktani ya kukusaidia.

KICHUPA CHA MAAJABU

Wale wa kichupa nimewawekea nafasi yao. Kuna vichupa vimeandikwa kwamba vinapandisha oktani kwa "pointi 10" au "pointi 30". Unasoma, unapiga hesabu: 95 na 30 ni 125, roketi! Taratibu. Kwa watengenezaji wengi wa vichupa hivi, pointi moja ni sehemu ya kumi ya namba moja. Pointi 10 ni namba moja tu, yaani 95 inakuwa 96. Tena hiyo ni kama kichupa ni cha kweli na umetia kwa kipimo cha tenki lililotajwa.

Vingine vina madini ya chuma au manganizi ndani. Ukivizoea, plagi zinaota kutu nyekundu kama zimechovywa kwenye udongo wa Bigwa, na cheche inaanza kupotea. Mwenye gari la primiamu aliyekwama anaweza kukitumia mara moja moja. Wewe wa Vitz, acha.

KUGONGA SIYO KUNOKI

La mwisho kabla sijafunga. Mtaani tukisema "gari imenoki" tuna maana injini imekufa, beringi za kreki zimekwisha. Mlio wake ni mzito, "ko-ko-ko", unasikika hata gari likiwa limesimama, na mara nyingi unatokana na oili kuisha au kuzeeka. Ule wa petroli ni mwepesi, wa kokoto, unatokea ukikanyaga mafuta na ukiachia unakata. Ukiusikia ule mzito, zima gari papo hapo, vuta kwa kamba. Kubadilisha sheli hakutakusaidia. Ukisikia ule mwepesi na unajua umejaza mahali pazuri na gia iko sawa, basi tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa: plagi zisizo za kipimo chake, masizi kwenye silinda, rejeta isiyo na maji, taimingi iliyochezewa, au mahali hewa inapovuja.

Yule dogo alipelekwa kwa fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Fundi alifungua plagi, akacheka. Zilikuwa za bei chee, siyo za gari lile. Akaangalia rejeta, maji yamepungua. Akamuuliza: "Mlimani unatumia gia gani?" Dogo akajibu: "Naacha kwenye D tu, mzee." Akabadilishiwa plagi, akaongezewa kulanti, akafundishwa kuzima O/D. Petroli ni ile ile ya sheli ile ile. Mgeta anakwenda na kokoto hazisikiki tena.

Nimelileta hili kwenye ukurasa wetu kwa sababu ya yule mama aliyeweka saini ya mkopo. Pistoni ikitoboka, wa kijiweni hawatalipa rejesho. Wataagiza kahawa nyingine na kuanza ubishi mpya. Mwenye kudaiwa atakuwa mama. Kwa hiyo kabla ya kumwaga hela kwenye tenki, toka nje, fungua kile kifuniko, soma gari lako limeomba nini. Ulipe hicho hicho, kilicho safi, chenye risiti. Zaidi ya hapo ni mapozi.

Basi tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Endesheni taratibu, milima haihami!